Safu Nyeupe Shambani kwa Bi Mboga

Jua lilikuwa limeshaaga na Mama Lenzi alikuwa ameshavua koti la kazi. Anatafuta kiatu kimoja kilichojificha chini ya meza, mara Sajenti wa zamu akasukuma mlango wa karakana bila hodi.

"Mama Lenzi, usinichoke. Nimekuletea mgonjwa mwingine."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa darubini ya joto, mpya kabisa, bado inanukia plastiki. Mama Lenzi aliipokea kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza macho yote ya kambi ile, na jina lake la kuzaliwa askari walishalisahau. Miwani ya usiku alikuwa akiifungua na kuifunga kama mtu anavyomenya yai. Hiyo huokota mwanga kidogo wa mwezi na nyota, ikautia nguvu, ukaona dunia ya kijani. Lakini darubini za joto ni ukoo mwingine. Hizo hazina habari na mwanga. Husikia joto tu: mtu, ng'ombe, injini iliyotoka kuzimwa, vyote huonekana vyeupe, na kilichopoa huonekana cheusi, hata giza liwe la namna gani.

"Ina nini?"

Sajenti alitazama nyuma yake kwanza. Mtu mzima yule, kifua kama mlango wa ghala.

"Inaona watu ambao hawapo."

Mama Lenzi alicheka. Sajenti hakucheka.

"Nimekaa nayo pale uzio wa nyuma," alisema, sauti akiishusha, "naangalia shamba la Bi Mboga. Kwa macho yangu, hakuna mtu. Nikavaa miwani ya usiku, hakuna mtu. Nikaweka hiyo jichoni..." Akatikisa kichwa. "Njoo ukaone mwenyewe. Kesho kikosi kinaondoka nayo. Siwezi kumkabidhi mwenzangu kitu chenye wazimu."

Bi Mboga hakuna asiyemjua. Ndiye aliyelisha jiko la kambi mboga za majani, mama mnene mcheshi, akiita kila mtu mwanangu. Shamba lake lilianzia kwenye uzio wa kambi likaenda hadi macho yanapochoka. Hakuna aliyewahi kumwona kibarua mle ndani, hata mmoja, ila kila asubuhi matuta mapya yalikuwa yamepangwa kama nywele zilizosukwa. Askari walimtania kwamba ana trekta lisilo na mlio. "Nina watu wangu," angejibu, akicheka mpaka mabega yanatikisika.

Na Mama Lenzi alikuwa na sababu ya kumpenda. Siku mumewe, dereva wa malori ya kambi, aliporudi kutoka safari ndefu, Bi Mboga ndiye aliyewaletea beseni la mboga nyumbani. Dereva alikula, akasema usingizi unamvuta, akalala. Hakuamka. Msibani Bi Mboga alilia mpaka watu wakamshika.

Uzio wa nyuma ulikuwa kimya. Mama Lenzi aliiwasha darubini, akakipima kwanza kifaa kabla ya kukilaumu. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa kibanda cha mlinzi, akakiondoa, akatazama. Alama ya vidole vyake ilibaki ukutani inang'aa, ikafifia taratibu. Kifaa kilikuwa kizima.

Akakigeuzia shambani.

Mwanzo aliona weusi mtupu wa udongo uliopoa. Kisha nukta nyeupe. Kisha nyingine. Akazungusha lenzi kidogo, picha ikakaa sawa.

Watu.

Safu nzima ya watu, weupe kama makaa yaliyokolea, wameinama. Majembe yanapanda, yanashuka. Yanapanda, yanashuka. Hakuna anayeongea. Hakuna anayenyoosha mgongo.

Aliishusha darubini. Shamba tupu, na utusitusi. Lakini harufu ya udongo mbichi ilimpiga puani, na kwa mbali akasikia... kwap. Kwap. Kwap. Akakaza macho kwenye tuta la karibu. Udongo ulikuwa ukifunguka wenyewe.

"Umewaona?" Sajenti alinong'ona.

"Wana joto," alijibu. "Kinachoonekana hapa kina damu ndani yake. Hawa si maiti, Sajenti."

Akarudisha jicho kwenye kioo. Darubini ikatoa mlio wake mdogo: tak. Kila baada ya muda hufanya hivyo. Inajipangusa jicho, na picha huganda kufumba na kufumbua. Picha iliporudi, mmoja wa wale watu alikuwa amesimama kupumzika. Alikuwa ameshika jembe kwa mkono wa kushoto. Akainua mkono wa kulia, akajifuta paji la uso kwa upande wa ndani wa kiwiko, akasugua mara mbili, kama mtu anayempangusa mtoto.

Mama Lenzi alimfulia mashati mtu huyo miaka yote ya ndoa yao. Madoa ya jasho kwenye kiwiko ndiyo yaliyokuwa yakimgombanisha naye.

Hakujua amepitaje kwenye senyenge. Alisikia tu nguo ikichanika na Sajenti akimwita kwa sauti ya mtu anayekabwa: "Mama Lenzi, hapana! Mama Lenzi!" Sajenti mwenyewe hakusogea. Alibaki ameikumbatia bunduki yake kama mwavuli.

Alitembea juu ya matuta, darubini jichoni. Bila darubini, alikuwa mjane anayepepesuka peke yake kwenye shamba tupu. Kwa darubini, alipita katikati ya watu. Walinuka jasho na nguo mbichi zisizoanikwa. Hakuna aliyemtazama.

"Dereva," aliita kwa kunong'ona. Ndivyo alivyokuwa akimwita hata chumbani.

Jembe la mkono wa kushoto likasita hewani.

"Dereva wangu. Ni mimi."

Tak.

Picha iliganda. Iliporudi, safu nzima ilikuwa imegeuka. Nyuso zote nyeupe, hazina macho wala midomo, zilikuwa zinamtazama yeye.

Kisha sauti, karibu mno na sikio lake. Ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Umechelewa kutoka kazini leo."

Alinyoosha mkono kwenye hewa tupu, na hewa ikampa mkono. Una sugu, una udongo, una joto. Joto la mtu. Aliubana mpaka vidole vikamuuma.

"Twende nyumbani."

"Yuko wapi?" sauti ikauliza.

"Nani?"

Mkono ule ulimbana zaidi.

"Mwanangu! Jioni hii shambani kwangu, kwema?"

Bi Mboga alikuwa amesimama mwisho wa tuta na taa ya mafuta mkononi, kitenge kifuani, anatabasamu vilevile. Macho ya Mama Lenzi yalimwona mzima mzima. Akaipandisha darubini, kidogo tu, kama anayejikuna.

Taa ilionekana nyeupe. Aliyeishika hakuonekana. Palikuwa na shimo jeusi lenye umbo la mama mnene, jeusi kuliko udongo, jeusi kuliko usiku uliokuwa unaingia. Hapakuwa na joto hata la pumzi.

"Nakijaribu kifaa, Bi Mboga. Cha kazini."

"Aaa. Kinaona vizuri?"

"Kibovu. Hakioni kitu."

"Pole." Tabasamu halikusogea. "Na mkono wako mbona umeuficha nyuma?"

Mama Lenzi alitaka kusema uongo mwingine, akaukosa. Badala yake hasira ndiyo iliyompanda, hasira ya beseni la mboga, ya kitanda kipana, ya mama mkwe anayeishi naye, anayelia usiku akidhani hasikiki.

"Nimeshika changu," alisema. "Na ninaondoka nacho."

Bi Mboga aliinua taa kidogo. Kisha akacheka, mabega yakatikisika, taa ikatikisika.

"Haya, mwanangu. Chukua. Utaweza kuwalisha?"

Akapuliza taa.

Mama Lenzi hakungoja. Alivuta ule mkono, akakimbia, akajikwaa, akainuka. Pale uzioni Sajenti hakuwepo tena. Walipita nyuma ya bohari, wakashika njia ya kota za wafanyakazi. Watu walikuwa wanaanua nguo, redio zinapiga habari, na waliompita walimwona mwanamke anayehema, mkono mmoja ameunyoosha nyuma kana kwamba anaburuta mbuzi. Hakuthubutu kugeuka. Alisikia nyayo nyuma yake. Alidhani ni za mumewe.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, anachambua mchele kwenye sinia. Mlango ulipofungwa aliinua kichwa.

"Umekuja na nani?"

"Mama..."

Mama mkwe hakungoja maelezo. Aliweka sinia chini, akainuka kwa shida, akapapasa hewani kama anayetafuta swichi gizani. Mikono yake ikakutana na kitu. Ikapanda, ikapita mabegani, ikafika usoni, ikakaa pale.

"Amekonda," alisema. Akaanza kulia bila sauti. "Mwanangu amekonda."

Kiti kikalia. Mtu alikuwa ameketi. Wakamwekea sahani, na chakula kikawa kinapungua, tonge kwa tonge, mbele ya macho yao. Mama mkwe akacheka huku machozi yanamtoka, na Mama Lenzi naye akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nyumba ile ilikuwa na watu wake.

Ndipo aliposikia kitu kikijisugua kwenye ukuta wa nje.

Akachukua darubini, akaenda dirishani. Kioo cha dirisha hakipitishi joto, kwa hiyo alichokiona ni kivuli chake mwenyewe, cheupe, kinamrudia. Yeye na mumewe kwenye kiti nyuma yake. Akafungua dirisha, polepole, bawaba zikapiga kelele.

Uani walikuwa wamejaa.

Yule wa kwanza alikuwa ameegemea kizingiti. Amemshika mkono wa pili, wa pili amemshika wa tatu, na hivyo hivyo, safu nyeupe ikapita kwenye kamba ya nguo, ikatoka getini, ikapinda na barabara ya kota mpaka penye giza. Aliowatoa shambani hawakuwa mtu mmoja. Alipomvuta Dereva, Dereva alikuwa ameshikana na mwenzake.

*Kuwalisha.* Ndivyo yule mama alivyosema. Hakusema kumlisha.

"Ni watu wa hapa hapa," sauti ya Dereva ilisema kutoka kwenye kiti. "Kila mmoja anapajua kwake. Waache waende."

Na kweli, mmoja baada ya mwingine, wakaachana mikono. Huyu akaingia geti la fundi seremala. Yule akapita mlango wa nyuma wa nyumba ya mpishi. Mama Lenzi aliwafuata kwa darubini mpaka betri ikamfia mkononi.

Asubuhi Sajenti alikuja kuichukua. Macho yamemvimba, hakumtazama usoni.

"Ina ubovu?"

"Ni nzima."

Aliifunga kwenye sanduku lake, ikapakiwa, ikaondoka na kikosi. Kambi haikubakiwa na nyingine.

Bi Mboga hakuonekana tena. Walioenda kumtafuta walikuta jiko lisilo na jivu na kitanda ambacho, walisema, hakijawahi kulaliwa. Magugu yalilimeza shamba upesi, na jiko la kambi likapata muuzaji mwingine. Huku kota mambo yalibadilika kimyakimya. Vijiko viliongezeka mezani. Wajane walianza kununua unga mwingi zaidi, wakikutana dukani wanasalimiana kwa macho tu. Usiku, nyumba zilizozoea kimya zilikuwa na mikoromo. Hakuna aliyeuliza. Nani anayetaka kuuliza halafu anyang'anywe?

Mama Lenzi alizoea. Alijifunza kulala akisikiliza pumzi, na kuacha njia katikati ya chumba. Dereva hakuongea sana, lakini kila alipopita karibu yake hewa ilikuwa na vuguvugu, na hilo lilimtosha.

Kisha jioni moja muuguzi wa kambi, jirani yao wa nyumba ya tatu, aligonga mlango. Bado alikuwa na sare yake ya kazi. Alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee, kijana wa chuo, na tangu siku ile safu ilipoingia kota alikuwa ameanza kuimba akifua.

Jioni hiyo hakuwa anaimba.

"Ile darubini yako," alinong'ona. "Unaweza kuipata tena?"

"Imeondoka na kikosi, dada. Kuna nini?"

"Mwanangu alirudi. Najua ni yeye, namjua kwa kikohozi chake." Akasogea karibu zaidi. "Lakini kwangu wameingia wawili."

Mama Lenzi alimvuta ndani ya ukumbi, akarudishia mlango.

"Wawili?"

"Nilidhani ni rafiki yake. Nikaweka sahani mbili. Moja haiguswi. Huyo wa pili hali. Anakaa tu ukingoni mwa kitanda cha mwanangu. Najua kwa vile godoro linavyobonyea. Jana nikapapasa pale..." Alikitazama kiganja chake, akakifuta kwenye sare. "Pana baridi kama ndani ya friji yetu ya maiti. Na pana mkono, umemshika mwanangu mkono."

"Mwanao anasemaje?"

"Alikuwa hasemi kitu. Leo ndiyo amesema. Nimetoka kazini, hata viatu sijavua, akaniambia sikioni." Akaushika mkono wa Mama Lenzi. "Ameniomba jembe."

Mama Lenzi alilikumbuka lile shimo jeusi lisilo na joto, mwisho wa tuta. Nje, redio ya mtu ilikuwa inapiga muziki wa harusi.

Na kutoka chumba cha ndani, mama mkwe akaita, sauti yake tulivu kabisa.

"Mwanangu, njoo mara moja. Mwenzio hapa anaulizia jembe. Tuna jembe, sisi?"