Picha za Wanyonyi na Begi la Mlangoni

Kila Jumamosi asubuhi Nelima hufagia nyumba yake kijijini Yamumbi kuanzia chumbani hadi mlangoni. Akifika mlangoni, huinua begi jeusi, hufagia chini yake, kisha hulirudisha palepale. Ndani yake mna hati ya shamba, vyeti vya shule na blanketi moja. Uchaguzi uje, uchaguzi upite, begi halihami.

Msimcheke. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba yake ilichomwa. Yeye, mumewe Wanyonyi na mtoto wao Marvin walikimbia na nguo za mwilini tu, wakaenda kulala kambini ndani ya hema. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Picha zote za familia ziliungua. Ilipona moja tu, ile ya harusi. Jirani yao, Rael, ambaye nyumba yake haikuguswa, aliiokota uani, akaifunga kwa leso na kuificha ndani ya sanduku lake la bati. Nelima aliporudi mwaka uliofuata, Rael alimrudishia bila maneno mengi.

Baadaye Wanyonyi aliugua, akafariki. Nelima alizunguka kwa jamaa za mumewe kule Bungoma akipiga picha za albamu zao kwa simu. Alipata picha sitini na tatu za Wanyonyi. Leo baadhi ya jamaa hao wameshafariki, na albamu zao hazijulikani zilipo.

Picha hizo alizitia kwenye laptop ya Marvin, na simu yenyewe ikaharibika baadaye. Marvin alikuwa akiichezea gemu kabla ya kwenda Qatar kufanya kazi. Ni nzito kama tofali, na vitufe vyake huwaka taa nyekundu. Nelima, ambaye ni karani wa shule, huitumia kuchapa mitihani. Lakini ilijaa virusi. Ukiiwasha, unaweza kupika chai na kuinywa kabla haijaamka.

Jumamosi moja alimwita Chebet, binti ya Rael, anayefundisha kompyuta katika chuo cha ufundi.

"Fundi wa mjini amenipea hii flashi," Nelima alisema. "Ati iko na Linux. Ati nifute kila kitu nianze upya. Tufute basi!"

"Pole pole, Mama Marvin. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama vile Windows, na ni ya bure. Lakini kwanza, picha za mzee ziko wapi?"

"Hizo ziko salama. Zilikuwa C, nikaweka zingine kama hizo D. Ni mara mbili!"

Chebet aliutoa mkono wake kwenye vitufe.

"Mama Marvin, C na D ni vyumba viwili ndani ya nyumba moja. Diski ni hiyo moja. Tukifuta diski yote, vyumba vyote vinaenda."

Nelima alitazama begi la mlangoni. Akaketi. Miaka yote hiyo alikuwa ameweka begi la kuokolea hati zake, lakini yeye mwenyewe alikuwa amemwacha Wanyonyi ndani ya nyumba ambayo angeichoma kwa mkono wake mwenyewe.

"Ningempoteza mara ya pili," alisema, na machozi yakamtoka.

"Hujampoteza. Niko na diski ya nje kwa begi yangu. Tuhamishe yeye kwanza."

Walichomeka diski ile, wakanakili picha zote. Chebet hakuridhika.

"Usiamini mpaka ufungue uone," alisema. Wakazifungua moja moja kwenye simu ya Chebet iliyounganishwa na diski. Zote sitini na tatu zilikuwepo.

Kisha Chebet aliunganisha laptop na umeme, ili isizimike katikati ya kazi. Akachomeka flashi, akaiwasha huku akibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Linux ikafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski.

"Hapa tunaonja tu," alieleza. "Tuangalie sauti, intaneti na vitufe. Ikikubali, ndio tuweke."

Ilikubali. Wakaifuta diski ya laptop, wakaiweka Linux. Lakini ilipowashwa tena, kioo kilikuwa cheusi tititi.

"Uui! Tumeiua!" Nelima alishika kichwa.

"Haijakufa. Laptop za gemu ziko na kadi kubwa ya kuonyesha picha kwa kioo, na hiyo kadi inaringa. Inataka programu yake yenyewe ndio ionyeshe kitu."

Chebet aliiwasha upya, akachagua njia ya usalama, ile inayowasha kioo bila kuitegemea kadi hiyo. Kioo kikaonyesha. Akaingia kwenye intaneti, akachagua programu ya kadi ile kutoka kwenye orodha ya Linux yenyewe, akaiweka. Walipoiwasha tena, laptop iliamka hata kabla Nelima hajamaliza kusema asante.

Wakazirudisha picha. Wanyonyi akajaa kioo kizima, akicheka na kofia yake ya mashambani.

"Niuzie hii diski, nitaweka kwa begi ya mlangoni," Nelima alisema.

"Begi iko ndani ya hii nyumba. Nakala moja ikae nje ya nyumba, kwa mtu unaamini."

Nelima hakufikiri sana. Aliifunga diski kwa leso, akavuka ua hadi kwa Rael. Rael alikuwa akichambua mboga.

"Mama Chebet, nakuomba uniwekee hii. Ni picha za Baba Marvin." "Na ile siku ulinirudishia picha ya harusi, sikukushukuru vizuri. Niliogopa hata kukuangalia. Asante, mama. Asante sana."

Rael alifuta mikono, akaenda kulifungua lile sanduku la bati.

"Lete," alisema. "Nafasi yake bado iko."