Shemeji Alitoboa Gari Langu la Harusi, Nami Nikamlipiza

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, mjane, mama wa binti mmoja. Ninaishi Lucky Summer katika nyumba ya kupanga, nauza nguo za mitumba. Siandiki haya ili nionewe huruma. Kuna mtu aliniharibia maisha, nikamlipiza, na hadi leo nikikumbuka uso wake siku ile... moyo wangu unachangamka! Mungu anajua. Lakini someni mpaka mwisho, kwa sababu kisasi kile kilininyang'anya kitu ambacho sikukitarajia.

Mume wangu Wanjala alifariki ghafla mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, tukiwa Jericho. Aliniachia binti yetu Nekesa, na gari. Si gari la mchezo! Refu, jeusi, la kutoka ng'ambo, alilouziwa na Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Tulilikodisha kwa maharusi. Kuanzia Makadara hadi Umoja, bibi harusi aliyejiheshimu alitaka kushuka kanisani kutoka kwenye gari lile.

Gari lililala katika yadi ya shemeji yangu Jafeti, mdogo wa Wanjala, fundi aliyekuwa na karakana karibu na Soko la Burma. Mchana lango lilikuwa wazi kwa mafundi wake, usiku ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Siku ya matanga aliniambia mambo ya gari nimwachie yeye. Ningemwachia nani mwingine? Alikuwa damu ya mume wangu...

Usukani nilimpa Kamau, dereva mpole kutoka Murang'a, mwanamume asiyeinua sauti hata akikwaruzwa na mkokoteni. Alinyoosha shati lake mwenyewe, akalifuta gari mpaka unajiona kwenye mlango. Nekesa alimpenda kabla yangu. Nami nikampenda polepole, bila kutaka, hadi siku moja akaniuliza kama ningekubali tufunge ndoa. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza!

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Jafeti alisikia. Alikuja nyumbani Jumapili, akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Mama Nekesa, sisi kwetu mke wa ndugu haachwi ovyo. Mimi niko," akasema.

"Shemeji, wewe una mke Bungoma."

"Na nina nafasi ya mwingine. Gari la Wanjala haliwezi kwenda Murang'a. Fikiria vizuri."

Nilimwambia nimeshafikiria. Alicheka, akaondoka bila kunywa chai. Sikujua kicheko kile kilikuwa na maana gani!

Baada ya hapo gari lilianza kusumbua. Niwaeleze kidogo ili mnielewe. Gari lile halikuwa na springi za chuma. Lilikaa juu ya mipira minne ya hewa, mmoja kila gurudumu, na kipampu cha umeme, kompresa, ndicho kilichoijaza. Ikishajaa, kompresa inanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa siku zote za Wanjala. Sasa ikawa hainyamazi! Ukiwasha gari, inanguruma. Unafika kanisani, inanguruma. Mchungaji anaombea maharusi mlangoni, nayo inanguruma chini ya gari kama mgonjwa wa kifua. Asubuhi tukalikuta limeinama upande mmoja wa nyuma, kama ng'ombe anayetaka kulala.

Jafeti alisema kompresa imechoka. Akaweka nyingine. Nayo ikanguruma vilevile hadi ikaungua! Akaweka ya tatu. Maharusi wa siku moja walilazimika kutembea hadi ukumbini, bibi harusi akiburura gauni kwenye vumbi, mama yake akinilaani mbele ya kwaya. Watu wakaanza kuniogopa. Wakasema gari la mjane lina mkosi.

Jafeti naye hakukosa la kusema. Mara Kamau anaruka mashimo kama anaendesha lori la mchanga. Mara gari linamkataa mgeni. "Lingekuwa mkononi mwa mtu wa ukoo wake, lingetulia," aliniambia, akinitazama machoni.

Kamau alikuwa na wazo lake. Aliniambia kompresa haina kosa lolote. "Ile inafanya kazi bila kupumzika kwa sababu hewa inatoka mahali. Hata ukiweka mpya kumi, zitaungua zote. Tutafute inapotokea." Aliomba apake mipira maji ya sabuni. Palipo na tundu, povu lingejitokeza. Lakini kila alipojaribu kuinama, Jafeti alimfukuza. Dereva ashike usukani, ya chini ya gari yana wenyewe!

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa na harusi Buruburu. Jafeti alikuwa ametoka. Gari lilikuwa yadini limeshafungwa maua na riboni, na kompresa inanguruma. Kamau akavua koti, akaniambia nishike beseni la sabuni. Akajilaza ubavuni kando ya gurudumu la nyuma, akapenyeza mkono wa kulia kati ya ekseli na bodi, akipapasa mpira kwa vidole.

"Nausikia upepo," akasema. "Felista, nausikia! Uko huku ju..."

Mpira ukapasuka.

Gari lilikaa chini kwa kishindo kimoja, na mkono wake ukiwa ndani. Wasomaji, ile sauti aliyoitoa Kamau, mtu ambaye hakuwahi kuinua sauti... Niliangusha beseni, nikashika bodi ya gari nikijaribu kuliinua peke yangu. Nilikuwa wazimu! Wachinjaji wa Burma walikuja mbio na aproni zao, wakaliinua gari kwa mabega hadi mafundi wakaweka jeki. Mkono ule haukuwa tena mkono. Hospitalini waliukata juu ya kiwiko.

Jafeti alirudi akakuta damu na maua chini. Hakuuliza majeruhi yuko wapi. Alisema tu, "Nilimwambia asiguse."

Kwa nini maneno yale yalinikaa rohoni? Jumatatu nilikwenda yadini yeye akiwa mjini kununua vipuri. Kijana wa kupaka magari rangi aliniruhusu kuingia. Nikauchukua ule mpira uliopasuka. Pembeni mwa mpasuko palikuwa na vitundu, vidogo, vya duara, vimepangwa karibukaribu. Nikawasha gari kompresa ijaze iliyobaki, kisha nikachanganya sabuni na kuipaka mipira kwa brashi ya rangi, nikiwa nimesimama mbali kadiri mkono ulivyofika. Povu likaota! Si mpira mmoja... wote! Na mahali penyewe ni juu, ndani ya mikunjo, ambako jiwe wala msumari wa barabarani haufiki. Mtu alikuwa ameichoma kwa sindano ya kushonea magunia, kidogo kidogo, ili hewa ivuje, kompresa iungue, harusi ziharibike, na mimi nichoke.

Na usiku ufunguo wa lango ulikuwa kwa mtu mmoja tu.

Sikulia. Polisi ningewaambia nini, kwamba nimeona povu? Angekana, na wazee wa ukoo wangemwamini. Nilitaka akiri kwa mdomo wake, mbele ya mama yake, mbele ya kila aliyemheshimu. Nilitaka auone mwisho wake ukija kwa miguu!

Nikaanza kuigiza. Nilimwendea Jafeti kwa unyonge, nikamwambia nimeshindwa, gari limenishinda, nakubali kurithiwa. Mnapaswa kuuona uso wake... Sharti lake lilikuwa moja: nisikanyage tena hospitalini kwa yule Mmurang'a, ili wazee waamini nimemwacha. Nikakubali.

Wambui, dada yake Kamau, alikuja hadi mlangoni kwangu. Alisema kaka yake anauliza kama ninaumwa. Nilitamani kumvuta ndani nimwambie yote. Lakini nilihofia neno litamfikia Jafeti. Nikasema nina shughuli. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akageuka, akaenda zake. Nilijiambia Kamau ataelewa nikishamaliza. Kweli nilijiambia hivyo!

Siku ya makubaliano ilifika. Nilitaka ifanyike palepale yadini, ili nikabidhi gari hadharani. Mama mkwe alisafiri kutoka Bungoma. Wazee wa ukoo walikuja, na akina mama wa kanisa, na wachinjaji waliomwinulia Kamau gari. Jafeti alikuwa amevaa suti. Mpira uliopasuka nilikuwa nimewaomba mafundi waubadilishe, ile mingine mitatu sikuigusa. Gari likawashwa. Kompresa ikanguruma.

Mzee mmoja akauliza mbona halinyamazi. Jafeti akajibu haraka kwamba ni kompresa tu, imechoka, gari lenyewe ni salama kabisa.

"Ni salama, shemeji?" nikauliza.

"Salama kabisa."

"Basi kabla sijakupa funguo, lala pale kwenye gurudumu la nyuma la upande wa pili, upenyeze mkono, kama Kamau alivyofanya. Waonyeshe wazee kwamba bwana wangu mpya haogopi gari lake."

Akacheka kidogo. Akasema suti itachafuka. Mama mmoja wa kanisa akavua leso yake, akaitandika chini kando ya gurudumu. Jafeti akaiangalia leso ile kama kaburi. Jasho likaanza kumtoka.

"Mpira ule ni mbovu," akasema.

"Umesema gari ni salama."

"Fundi hawezi kuingiza mkono pale!"

Nikachukua ndoo niliyoiandaa, nikapaka sabuni mbele ya macho yao. Povu likatoka kwenye vitundu, kimoja baada ya kingine. Nikawaita wazee wainame waone vilivyopangwa. Mama mkwe aliinama pia, mkongojo mkononi. Alipoinuka hakunitazama mimi.

"Jafeti. Ni wewe?"

"Mama... nilitaka gari lirudi nyumbani tu. Sikujua mtu ataingiza mkono!"

Basi! Yametoka! Mama yake alimtemea mate miguuni, akaomba apelekwe stendi arudi Bungoma siku hiyohiyo. Wazee walitangaza kwamba asikanyage kwa Wanjala tena, wala asinisemeshe. Wachinjaji walimtoa nje kwa kola ya suti, mafundi wake wakatupa vifaa vyake mtaroni huku wakimzomea. "Fundi wa kutoboa! Fundi wa kutoboa!" Akina mama wakapokea. Alianguka kwenye matope, akainuka, akaanguka tena. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama siku ile, na simfichi mtu!

Kesho yake nilipanda basi kwenda Murang'a, kwao Kamau, alikopelekwa baada ya kutoka hospitalini, nimpelekee habari. Nilimkuta ameketi nje, anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Nilimweleza yote kwa pupa: sindano, povu, suti, matope. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

Kisha akaniuliza, "Felista, umekuja kuniambia umeshinda, ama umekuja kuniona?"

Nikaanza kumweleza tena habari ya povu.

"Walipokuwa wananibadilisha bendeji nilikuwa naangalia mlango," akasema. "Kila siku. Mimi sikuhitaji Jafeti aanguke. Nilihitaji mtu wa kunishika huu uliobaki."

Nilipiga magoti. Nililia, nikamsihi. Hakunitukana hata kidogo... afadhali angenitukana! Alimwomba Wambui anisindikize hadi barabarani. Nasikia sasa ameoa.

Gari niliwauzia watu wa vyuma vikuukuu. Jafeti alipotea Mukuru kwa Reuben, akawa mtu wa kibarua cha viwandani. Mwaka jana alianza kuumwa, akamtuma mtu aniambie anaomba nimsamehe. Nilimjibu mjumbe kwamba siwezi, na bado siwezi. Mchungaji ananisihi. Namsikia, lakini moyo haujafika.

Dada zangu, ndugu zangu, usimkabidhi mtu ufunguo wa riziki yako kwa sababu tu ni wa ukoo. Kitu kikiharibika kila mara, usikubali kubadilishiwa vipuri bila kuonyeshwa chanzo. Na kama mmeumizwa wawili, nakuomba, nakusihi, usimkimbilie kwanza adui. Yeye hatoroki. Nenda ukakae kando ya kitanda cha mwenzako aliyeumia, umshike mkono, kabla hajachoka kukungoja.