Mwandiko wa Mke wa Fundi

Kila jioni, wanafunzi wakishamaliza kufagia darasa, Redio alikimbilia mazoezi ya mdahalo. Walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Safari hii hoja ilikuwa moto: je, michezo maarufu ya kuigiza ya marehemu fundi cherehani wa mtaa wao, aliitunga mwenyewe? Upande wa Redio ulipinga. Mtu aliyeishia darasa la nne ayajulie wapi maneno ya wafalme? Msemaji mkuu wa upande utakaoshinda angekuwa kiongozi wa mdahalo, na Redio alikitaka cheo hicho kufa na kupona.

Siku moja kabla ya mdahalo, yeye na rafiki yake Kijiti walikwenda kwa mjane wa fundi kuona daftari la michezo hiyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Nawieni mikono kwanza, ndipo mshike daftari."

Redio alifungua, akashtuka. Mwandiko wa fundi aliujua kutokana na barua iliyotundikwa shuleni. Huu haukuwa wake.

"Bibi, nani aliandika?"

"Mimi. Miguu yake iko kwenye cherehani, mikono kwenye kitambaa, angeandika kwa pua? Alitamka, nikaandika kila kilichomtoka kinywani. Hebu soma hapo."

Redio akasoma: "Mfalme: Nani amethubutu kuvuka lango langu? Kiuno inchi arobaini, mama, pumua kidogo." Walicheka mpaka machozi.

Njiani Kijiti alisema, "Kesho sema mwandiko si wake, halafu nyamaza. Uongo uko wapi hapo?"

Usiku huo Redio aliiandika hotuba yake mara mbili.

Kesho yake alisimama mbele ya shule nzima. "Mwandiko si wa fundi," alisema. Upande wake ukalipuka kwa makofi. Redio akangoja yatulie. "Ni wa mkewe. Fundi alitamka akishona, mkewe akaandika, hata vipimo vya wateja vimo. Nimeviona kwa macho yangu. Mtunzi ni fundi."

"Umetuuza!" Kijiti alifoka.

Walishindwa, na cheo kikaenda kwa mwingine. Mwalimu alimwita Redio pembeni.

"Imekuuma?"

"Sana, mwalimu."

"Ungenyamaza kwenye yale makofi, usingekuwa umetamka neno hata moja la uongo, lakini shule nzima ingeondoka imeamini uongo. Na Mungu angejua ulichokusudia. Wewe, mwanangu, utashinda siku nyingine. Marehemu hana siku nyingine ya kujitetea."