Kilo za Kyungu

Mtoto aliyekuwa mwepesi mgongoni, mizani ilimwona mzito. Nono, mama yake, alidhani imeharibika, lakini watoto wa wenzake walipimwa sawasawa.

Kyungu alikuwa amebaki ngozi na macho. Hata hivyo, kila alipotundikwa kwenye ndoano, mshale uliruka mbele. Muuguzi Rehema wa kliniki alifurahi.

"Mama Kyungu, mutoto iko bien! Kilo inapanda."

"Angalia mukono yake. Unipatie ile pâte ya karanga, mama, mutoto ananifia."

"Tunapatiaka batoto benye kilo kidogo. Hii balance ya kupimia inakatala."

Nono aliinama kumtoa. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikampanda puani, na chini ya pumzi ya Kyungu akasikia pumzi ya pili, nzito, yenye kamasi, pumzi aliyoijua kwa sababu aliilaza kifuani mwake mpaka ilipokatika, ya Kabange, pacha wa Kyungu, waliyemzika wakati wa mvua. Alitoka mbio.

Nyumbani alimweleza mama mkwe wake, mzaliwa wa Mitwaba, aliyejua miiko ya mapacha. Bibi akafunga mlango kwanza.

"Pale kwenye kipimo, bakikuulizaka Kabange iko wapi, unajibiaka nini?"

"Nasemaka alikufa, Mama."

"Aye! Pacha, pasa, hatusemake alikufa. Tunasemaka alienda kuteka mayi mutoni. Ulimufukuza, sasa anakaa juu ya ndugu yake. Umubebe, ama atamumaliza."

Siku ya kipimo ilipofika, Nono alimfunga Kyungu mgongoni, na kifuani akafunga kitenge kitupu. Mlangoni akanong'ona, "Kabange, mwana wangu, kuya, njoo kwa mama."

Kyungu alipotundikwa, mshale ukashuka, ukashuka tena.

"Yezu! Kilo iliendea wapi?" Rehema akashtuka, akakimbilia pâte.

Nono akapiga vigelegele. Wanawake walimwona kichaa, mama wa kushangilia mtoto aliyekonda. Waache waone, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Njiani Kyungu alikuwa akilamba pâte mgongoni, kwa pupa. Hapo ndipo kitenge cha mbele kikaanza kumvuta shingo, kikajaa, kikapata joto, na kitu ndani yake kikapapasa kikitafuta ziwa, kikalipata, kikauma. Kabange alizikwa kabla hajaota meno.

Nono alilia kwa sauti ndogo. Kisha akapitisha mkono chini ya kile kitenge, Kabange asije akaanguka, akaendelea kutembea.