GPS Iliyouliza Kimo cha Lori

Mie Flaviana nashona nguo Temeke, barazani kwangu. Mume wangu Gervas ni dereva wa lori. Asubuhi nikianza kukanyaga cherehani, yeye yuko ghalani, mtaa wa pili, anapakia mzigo. Kazi hizo mbili ndizo zinazotulisha.

Mwezi mmoja mambo yakaharibika. Gervas alipeleka saruji Kimbiji akifuata ramani ya simu. Simu ikampitisha njia ya mkato. Bajaji zinapita pale bila shida, lakini lori lake likazama mchangani, likalala huko huko. Romani, mwenye lori, hakufoka. Alisema tu kwamba likikwama tena, funguo atampa dereva mwingine. Gervas alirudi nyumbani akashindwa kula. Niliogopa, sifichi.

Jirani yetu Felicitas anafundisha udereva wa magari makubwa. Jioni nikapiga hodi kwake, nikamwamkia, nikamweleza yote. Mie napenda kuuliza, hata Gervas huniita polisi. Nikamuuliza simu ilikosea wapi, maana njia yenyewe ipo kweli.

"Simu haikudanganya," alisema. "Ilidhani mumeo ana gari dogo. Tafuteni GPS ya malori. Hiyo unaiambia lori lina kimo gani, urefu gani na uzito gani. Nayo inatafuta njia inayolifaa."

Akatuonya tusinunue kwa macho. Tuhakikishe ramani ya Tanzania imo ndani, na kwamba inafanya kazi hata mtandao ukikatika. Tena tuijaribu hapo hapo dukani, kwa njia ambayo tayari tunaijua. Na hata tukiwa nayo, alisema, dereva atangulize vibao vya barabarani na macho yake mwenyewe.

Jumamosi tukaenda Kariakoo. Muuzaji akatoa kifaa chenye kioo kikubwa, kinang'aa, kinaongea kwa sauti tamu. Gervas akakipenda pale pale, mkono umeshaingia mfukoni. Nikamshika. Nikamwomba muuzaji aandike safari ya Kimbiji. Kifaa kikaonyesha njia ile ile ya mchangani. Nikauliza, uzito wa lori tunauandika wapi? Muuzaji akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mwisho akakiri kwamba hicho ni cha magari madogo.

Cha pili kilikuwa na kioo kidogo, na sauti kama ya mtu mwenye mafua. Lakini chenyewe kiliuliza kwanza: kimo, urefu, uzito. Gervas akajaza. Kikaiacha njia ya mchanga, kikazunguka kwa barabara kubwa. Mume wangu akacheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu lori likwame. Tukakinunua hicho.

Safari ya kwanza ilikuwa ya magodoro, tena kwenda Kimbiji. Gervas akapita nyumbani kuchukua chakula chake. Nikatoka kuliangalia lori. Magodoro ni mepesi, kwa hiyo wapakiaji walikuwa wameyapanga kupita kingo za bodi ya lori, kama kawaida yao, wakafunga turubai. Nikatazama juu mpaka shingo ikauma.

"Baba Elinaza," nikamwita, "kimo ulichoandika kwenye GPS ulikipima lini?"

Akasema alikipima kabla hatujaenda dukani, lori likiwa tupu.

"Sasa mimi nikimshonea mjamzito kwa vipimo vya kabla ya mimba, nguo itamwingia?"

Alipanda juu ya mzigo, akateremsha kamba mpaka chini. Nikaipima ile kamba kwa futi yangu ya kushonea. Kimo kilikuwa kimezidi kile cha lori tupu kwa zaidi ya mita nzima. Akaandika upya, na kifaa kikabadilisha njia hapo hapo.

Siku hiyo sikushona kitu cha maana. Kila simu ikilia naacha cherehani, naikimbilia. Mchana akapiga yeye, ameshaegesha Kimbiji. Aliniambia kuwa njia ya mwanzo ingempitisha chini ya chuma kilichopitishwa juu ya barabara kuzuia magari yenye kimo kikubwa. Alikiona kwa mbali, yeye akiwa barabara nyingine.

"Ningekigonga, Mama Elinaza," alisema taratibu. "Mzigo wote ungekuwa chini, na kazi ndiyo basi."

Jioni alirudi na njaa yake. Romani alikuwa amefurahi kusikia habari hiyo, akataka madereva wake wote wapime kimo kila wakimaliza kupakia, maana mzigo wa leo si wa jana. Gervas akatundika funguo za lori kwenye msumari wake karibu na mlango. Nilizitazama zile funguo mpaka usingizi ukanichukua.

Asubuhi zilikuwa zimeondoka naye, na futi yangu pia. Nikanunua nyingine.