Tenga Mgongoni mwa Tobia

Bisha. Bisha tu, wewe uliyesoma mpaka ukavaa miwani. Mimi niliishia darasa la sita, na mwalimu mwenyewe alinisindikiza hadi getini kwa furaha. Lakini uliza Mponde nzima nani anabeba chai kunishinda. Alikuwepo mmoja tu wa kunikaribia: Tobia, mtoto wa mama Filomena, rafiki yangu tangu tukiwa na makamasi. Leo Tobia habebi hata kikombe. Sikiliza kilichompata, halafu uniambie ni mshipa.

Kazi yetu ni kushusha majani mabichi kutoka mashamba ya juu mpaka kibandani, yanakopimwa na kupakiwa kwenye lori. Tenga mgongoni, kamba mabegani, matope mpaka magotini. Jioni ile ukungu ulishuka mapema. Tulikuwa tunapanda mikono mitupu kufuata matenga ya mwisho. Mimi nilitangulia. Tobia alibaki nyuma, amevua buti anamwaga maji. Yaliyofuata kanieleza mwenyewe, amelala kifudifudi, machozi yanaingia kwenye mto.

Alikuwa anavaa buti la pili aliposikia.

"Nitue..."

Sauti ilitokea penye mikaratusi. Kabla hajamwona mtu, harufu ilimfikia. Majani ya chai yaliyolala yakachacha... na kitu kama nywele zilizoungua.

Bibi kizee alikuwa amesimama katikati ya njia, ameinama mpaka uso hauonekani. Mgongoni ana tenga, limefunikwa kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Tobia wa Filomena. Nitue, mjukuu wangu. Nimechoka."

Kwetu mlimani mtu akikuomba umtue, unamtua. Huulizi ukoo. Hata mgomvi wako unamtua, ukishamtwika tena mnaendelea kununiana. Tobia akashika tenga alishushe.

"Usiweke chini," bibi akanong'ona. "Majani yatashika tope. Watayakataa."

Kweli kabisa. Kibandani wakiona tope, unarudi nalo tenga zima.

"Nipokelee kwa mgongo wako. Ninyooshe kiuno kidogo tu."

Tobia akageuka, akapitisha mikono kwenye kamba.

Tenga likakaa. Zito... wala si uzito wa majani. Lilikuwa na joto. Kamba zikajikaza zenyewe. Nyuma yake akasikia mifupa ikilia, ko... ko... ko... kama mtu anayenyooka pingili moja baada ya nyingine. Halafu nyayo zikakimbia. Nyepesi. Nyayo za msichana.

"Bibi?"

Ukungu tu.

Akapeleka mkono nyuma alishike tenga.

Hapakuwa na tenga.

Uzito ulikuwepo.

Asubuhi hakuweza kuinuka. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita kwenye tako, yakateremka nyuma ya mguu mpaka kidole cha mwisho, kama waya wa moto. Mkewe Eliza, bibi harusi wa miezi mitatu, akawa anamvalisha soksi kama mtoto. Mama Filomena akaita wazee wa kanisa wamwombee. Majirani wakasema karogwa. Mimi nikasema kazidiwa na ndoa. Watu wakacheka, hata Tobia alicheka, halafu kile kicheko kikamchoma mgongoni akalia.

Wiki ya pili Eliza akamkokota mpaka kituo cha afya. Daktari Husna hakutaka habari za kurogwa. Alimlaza chali, akamwinua mguu ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu, Tobia akapiga yowe. Akamchoma unyayo kwa sindano: upande wa nje hasikii. Akamgonga kisigino kwa kinyundo cha mpira: kimya, mguu haukuruka.

"Homa? Kikohozi? Kupungua mwili?"

"Hapana, daktari."

"Nauliza kwa sababu kifua kikuu nacho huingia kwenye uti wa mgongo. Wazee viungo vinalika. Lakini nyie wabeba mizigo nawajua. Katikati ya pingili kuna kitu laini kama mpira. Mzigo ukizidi kinafutuka, kinabana mshipa wa fahamu. Kidonda kiko mgongoni, kelele unapiga mguu." Akamgeukia Eliza. "Nisikilize vizuri, mama. Siku atakayoshindwa kuzuia mkojo, au ganzi ikifika katikati ya mapaja, usisubiri kesho. Aletwe siku hiyohiyo, apelekwe hospitali kubwa. La sivyo miguu imekwenda."

Kisha akampandisha kwenye mizani ili ajue kiasi cha dawa.

Tobia ni mwembamba kama mimi. Mizani ikasema kilo tisini na nane.

"Imeharibika hii," Husna akasema. "Hebu panda wewe, mama."

Eliza akapanda. Hamsini na mbili. Sawasawa.

Daktari akaitazama ile mizani muda mrefu. Akaandika dawa. Sehemu ya uzito akaiacha wazi.

Siku hiyo Tobia aliniita, akamtoa mkewe nje. Habari za bibi hajamsimulia mtu mwingine, hata mama yake.

"Mghoshi," akaninong'oneza, "yule bibi alilijuaje jina langu?"

"Wewe maarufu bwana," nikamwambia. "Mlima mzima unakujua."

Akatabasamu. Kila nikienda ananiuliza, kila siku namjibu hivyohivyo.

Sasa... kuna kipande nilikiruka.

Yule bibi alinipata mimi kwanza. Msimu wa mvua uliopita, njia ileile, maneno yaleyale. Miezi minne nilibeba chai nimeuma meno, nameza vidonge chooni ili mtu asijue, najisifu kuliko wote. Jioni ile nilipotangulia, nilimkuta ananisubiri penye mikaratusi.

"Nipe jina la mwenzio," akasema, "nikutue."

Nikampa. Na jina la mama yake nikaongeza, asije akakosea mtu.

Jana alfajiri Eliza kaja mlangoni kwangu, kanga imelowa umande, anahema. Tobia kaamka kajikojolea bila kujua. Mapajani hasikii. Pikipiki haipandi kule, ni machela mpaka barabarani, na machela inataka wanaume wanne. Kapata watatu.

"Shemeji, shika ncha ya nne. Kakutaja mwenyewe. Anasema ukibeba wewe hatadondoka."

Nikashika kiuno. Nikakunja uso. Nikamwambia mgongo unaniuma, siwezi hata kuinama.

Haukuwa unauma.

Tangu jioni ile haujauma hata siku moja.