Somo la Wanafunzi Sita

Wapendwa, nilichungulia kwenye kioo cha mlango wa darasa langu la hesabu...

Aliyekuwa mbele ya ubao ni rafiki yangu.

Mwalimu wa fizikia. Mtu niliyemwita dada tangu tulipokuja ugenini kufundisha shule hii ya kimataifa.

Nikamsubiri nje.

"Dada, hao si wanafunzi wangu?"

"Walikuwa. Mkuu kanipa. Wewe si una Misingi ya Maarifa?"

Misingi ya Maarifa ni somo linalouliza tunajuaje kile tunachodai kukijua. Somo zuri, ila shule zinazolifundisha ni za kutafuta kwa tochi. Nililipokea kusaidia tu, juu ya hesabu zangu, na aliyenishawishi ni yeye. "Chukua, mama. Utakuwa peke yako sokoni."

Kumbe alitaka nimpishe.

Miaka ikapita, mchana kutwa mimi na watoto sita. Kisha mkuu akaniita.

"Mama, somo litabaki. Lakini mwalimu mzima kwa watoto sita siwezi kumtetea mbele ya bodi. Litabebwa na mtu mwenye somo jingine."

"Na mimi?"

"Mkataba wako unaisha muhula huu."

Na kwa mgeni, mkataba ukiisha, kibali cha kuishi nacho kinaisha.

"Mama, tutahama kabla sijafanya mtihani wa mwisho?" binti yangu akauliza.

"Piga magoti, mwanangu. Tuombe."

Niliomba kitu kimoja tu: Bwana, nirudishie hesabu.

Shule nilizoomba kazi zilijibu kama zimeambizana: tunataka mwalimu wa hesabu aliye darasani sasa. Ikabaki moja tu, hapo hapo mjini. Iliniita kwa sababu ya Misingi ya Maarifa.

Mkuu wake, mama mmoja mwenye miwani, hakuwa na maneno mengi.

"Kwenye Misingi ya Maarifa tumeridhika. Ila kwetu utafundisha na hesabu. Mara ya mwisho ni lini?"

Kabla sijafungua mdomo, akaongeza, "Tumempigia mwenzako wa fizikia. Anasema hujagusa hesabu miaka mingi."

Dada yangu...

Moyoni nikasema, Bwana, nipe kusema kweli tu.

"Jana jioni," nikajibu.

Akavua miwani. "Jana?"

"Mwenzangu amekuambia kweli, ila ni kweli ya mchana. Mimi nilisoma ukubwani, madarasa ya jioni, mtoto mgongoni. Basi kengele ya shule ikilia, naenda ukumbi wa kanisa kufundisha watu wazima hesabu. Jana tulikuwa kwenye milinganyo."

"Wewe ndiye mwalimu wa Misingi ya Maarifa," akasema taratibu. "Sasa mimi nitajuaje kwamba hilo ni kweli?"

"Njoo leo jioni. Ukae nyuma."

Akaja. Akaazima penseli kwa mwanafunzi wangu mmoja, fundi bomba, akafanya maswali pamoja nao. Mara akanyoosha mkono.

"Mwalimu, namba tatu imenishinda."

"Karibu kwenye chama," fundi bomba akamwambia. Ukumbi mzima ukacheka. Nikaielezea upya, polepole.

Mlangoni akanishika mkono. "Jumatatu uje usaini."

Njiani nililia. Nilikuwa naomba nirudishiwe hesabu, na kila jioni nilikuwa nayo mikononi...

Muhula ulipoisha, simu ikaita. Dada.

"Mkuu kanibebesha lile somo lako. Hesabu zote kampa mwalimu mpya. Nikiomba kazi ya hesabu kwingine, nitasema nini?"

Wapendwa, ukiwa ugenini ukapewa somo la pekee, lipokee. Mimi lilinifungulia mlango. Lakini somo lililokuleta usiliache lipate kutu. Litafutie hata kona ya jioni.

Na dada? Niliomba kimoyomoyo, kisha nikamuuliza:

"Jioni una nafasi? Ukumbini tunahitaji mwalimu wa pili."